Chumba Kiulizwe Kabla ya Dawa ya Usingizi

Feng shui, yaani upepo na maji, ni elimu ya kale ya Wachina ya kuchagua mahali pa kujenga nyumba na pa kuzika wafu. Mapokeo yao huihusisha na Kitabu cha Maziko, kinachonasibishwa na Guo Pu, mwanachuoni aliyefariki mwaka 324. Leo elimu hiyo imevuka bahari na kugeuka ushauri wa kupanga nyumba: wapambaji huitoza fedha, wauza samani huitaja, na watu waliochoka kukesha huambiwa kwamba tatizo lao ni kitanda kilichoelekea pabaya. Baadhi ya wahudumu wa afya wakisikia hayo hucheka. Kicheko hicho hakina msingi, kwa sababu mgonjwa anayeuliza juu ya kitanda chake anauliza swali zuri la kitabibu, ambalo pengine hakuna kliniki iliyowahi kumuuliza yeye.

Masharti ya feng shui kuhusu chumba cha kulala yanafahamika. Aliyelala auone mlango, lakini miguu yake isiuelekee moja kwa moja. Kichwa kiegemee ukuta imara, si dirisha. Kioo kisitazamane na kitanda, uvunguni pasirundikwe vitu, na chini ya boriti pasilaliwe. Sababu inayotolewa ni mtiririko wa chi, nguvu ya uhai ambayo hakuna kipimo cha kisayansi kilichowahi kuionyesha. Hata hivyo, ondoa sababu hiyo uyatazame masharti yenyewe. Ubongo wa aliyelala haufungi masikio. Huendelea kuchuja sauti, na mtu asiyejiona salama hushtuka kwa mtikisiko mdogo wa komeo. Mwanamke aliyepanga chumba chenye kitasa kibovu hahitaji kufundishwa chi ili apende kuuona mlango. Kioo hurudisha mwanga wa taa ya barabarani usoni mwake. Uvungu uliojaa mabegi na viatu hukusanya vumbi ambalo mwenye pumu hulivuta usiku kucha, na mbu hupata humo pa kujificha mchana. Masharti haya yana faida, ila faida yake haitoki kule inakosemekana kutoka.

Sharti linalopaswa kukataliwa waziwazi ni lile la dira. Kaskazini mwa China, nyumba iliyoelekea kusini ilipata jua la majira ya baridi na kuupa mgongo upepo mkali wa kaskazini. Huo ulikuwa ujenzi wa busara kwa nchi ile. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mkazi wake hana theluji ya kukimbia. Adui wake ni ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua tangu mchana hadi machweo. Bati la paa huwaka mchana lakini hupoa haraka jua likizama. Ukuta wa matofali ya saruji huweka joto na kulirudisha chumbani taratibu hadi usiku wa manane. Mtu aliyeegemeza kichwa kwenye ukuta huo imara, kama alivyoelekezwa, amelala kando ya jiko. Aende ukuta wa pili, hata kama dira ya mpambaji inakataa.

Joto linastahili kuzungumzwa zaidi kuliko mengine yote, kwa kuwa ndilo linalowanyima watu wengi wa pwani usingizi, nalo huwa nadra kuandikwa kwenye faili la mgonjwa. Ili usingizi uingie, joto la ndani ya mwili hulazimika kushuka kidogo, na mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa viganja na nyayo. Januari na Februari hewa ya usiku mjini Dar es Salaam hukaribia nyuzijoto 25 hata alfajiri, na ndani ya chumba chenye dirisha moja huzidi hapo. Vitabu vya ughaibuni vinavyoshauri chumba cha nyuzijoto 18 havikuandikwa kwa ajili ya mpangaji huyu. Kwake yeye ushauri wenye maana ni kufungua njia mbili za hewa ili upepo uingie upande mmoja na kutokea mwingine, kuoga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala ili damu isogee kwenye ngozi na kulitoa joto, na kutandika shuka la pamba badala ya kitambaa cha nailoni. Wazee wa pwani walijua mengi katika hayo. Kitanda cha kamba kilipitisha hewa chini ya mlalaji, na madirisha yalikabili pepo za kaskazi na kusi. Godoro nene la sponji lililofungwa kwenye karatasi yake ya nailoni, ambalo leo ni alama ya maendeleo, hufanya kinyume kabisa.

Hapo ndipo hatari inapojitokeza. Joto ni miongoni mwa sababu zinazotajwa mara nyingi zaidi na watu wanaoacha kulala ndani ya chandarua. Mshauri wa mpangilio wa chumba asiyejua malaria anaweza kumwambia mteja wake aondoe kila kitu kinachozuia hewa kuzunguka kitanda, na mteja akalipia usingizi mnono kwa homa ya mtoto. Chandarua kibaki. Kitundikwe juu na kwa upana ili kisiguse mwili, kitanda kisogezwe mkabala na dirisha lenye wavu, na feni, kama ipo na umeme upo, ielekezwe kandoni. Katika nyanda za juu, Njombe na Makete, tatizo ni la upande mwingine: Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua familia nzima ikiwa usingizini. Huko muuguzi anayeuliza kuhusu chumba anaweza kuokoa maisha kwa swali moja.

Kuhusu mwanga, sayansi imesonga mbele sana. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kueleza jinsi saa ya ndani ya chembe hai inavyofanya kazi. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Mwanga mkali wa jioni, ukiwemo wa simu iliyoshikwa sentimita 20 kutoka usoni, huchelewesha homoni ya melatonini. Mwanga wa asubuhi huirudisha saa mahali pake. Anayeishi karibu na ikweta amejaliwa jambo ambalo watu wa Ulaya hulikosa nusu ya mwaka: jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi kila siku. Kufagia uwanja au kutembea hadi kituo cha daladala katika mwanga huo ni tiba isiyo na bei. Kelele nazo zimewekewa kipimo: mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sauti chumbani usiku isizidi desibeli 30. Mpangaji aliye ukuta mmoja na baa hafikii kiwango hicho kwa kugeuza kitanda, na si haki kumwambia kwamba anaweza. Hilo ni suala la serikali ya mtaa na leseni za biashara.

Kuna hali moja ambayo watu wa pwani walihamisha vitanda kwa ajili yake kabla ya kusikia habari za feng shui, nayo ni jinamizi. Mtu huamka, akili iko macho, lakini mwili haujisogezi na kifua kimelemewa. Kitabibu, ubongo umetoka katika usingizi wa ndoto ilhali misuli bado imelegezwa kama ilivyo kawaida ya usingizi huo. Hali hii huja zaidi kwa waliokosa usingizi wa kutosha na kwa wanaolala chali. Mganga akimwambia mgonjwa ageuze kitanda, na kwa kukigeuza akaanza kulala ubavu, nafuu itakuja kweli. Daktari anayemwambia mgonjwa huyo kwamba ni ushirikina mtupu atakuwa amepoteza nafasi ya kumweleza kwa nini amepona.

Kinachochukua nafasi ya mazungumzo haya yote, kwa bahati mbaya, ni kidonge. Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963 na bado inaaminiwa kupita kiasi. Hukaa mwilini zaidi ya siku moja, na kwa mzee huhesabika kwa kuanguka na kuvunjika nyonga. Ikichanganywa na pombe huweza kuzima pumzi. Anayeitumia kwa wiki nyingi huzoea, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege, hivyo aliyekwisha kuizoea asiiache peke yake baada ya kusoma makala haya, bali apunguziwe polepole na daktari. Dawa za mzio kama klorofeniramini, ambazo watu hununua kwa sababu zinalewesha, humkausha mzee kinywa na kumvuruga akili.

Neno “asilia” nalo lisimpumbaze mtu. Chai ya kamomile haidhuru wengi, ila ushahidi wa kwamba inatibu kukosa usingizi ni hafifu. Kungumanga, ambayo wapo wanaoilamba ili walale, ikizidi huleta mapigo ya moyo ya kasi na kuweweseka, na mtoto mchanga hapaswi kupewa kabisa. Ukitafutwa utaratibu wa asili kwa maana yake halisi, yaani usio na dawa yoyote, ulio na ushahidi mzuri ni tiba ya kurekebisha fikra na mienendo ya usingizi. Mwaka 2016 Chuo cha Matabibu cha Marekani kiliipendekeza iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu, kabla ya dawa. Mgonjwa huamka saa ileile kila siku, hata kama alilala vibaya. Haendi kitandani mpaka asinzie. Akikaa macho kama dakika 20 huondoka kitandani, akafanya jambo tulivu gizani, kisha akarudi. Muda wa kukaa kitandani hupunguzwa hadi ulingane na ule anaolala kweli, halafu huongezwa kidogo kidogo. Wiki ya kwanza ni ngumu. Dereva na mwenye kifafa hawapaswi kuianza bila uangalizi.

Swali la haki linaulizwa hapa: aliye na chumba kimoja chenye watu watano aondoke kitandani aende wapi? Kitabu hakijibu, lakini mhudumu anaweza. Mkeka mmoja ukutani, au kigoda mlangoni, unatosha kuwa mahali pa kukesha pasipo kitanda. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mwili usijifunze kuwa kitandani ndiko kwa kuhesabu madeni.

Chukulia mama wa miaka 58 anayehudhuria kliniki ya shinikizo la damu. Daktari kijana anaanza: “Shikamoo mama. Usiku unalalaje?” Naye anajibu: “Marahaba mwanangu. Kulala nalala, ila usingizi haupo.” Mazungumzo mengi huishia hapo na dawa ikaandikwa. Yangeendelea kwa maswali machache tu, mengine mengi yangefunguka. Unalala wapi, na nani? Aliye karibu nawe anasema unakoroma, na pumzi inakatika kisha unashtuka? Unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Miguu inakutambaa jioni mpaka unainuka? Moyo una huzuni isiyoondoka? Kukoroma kwenye pumzi zinazokatika huweza kuwa ndiko kunakoipandisha presha yake, na diazepamu ingemzidishia. Kukojoa mara kwa mara kunaweza kuwa sukari. Miguu isiyotulia inaweza kuwa upungufu wa madini ya chuma. Huzuni ina tiba yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponyeshwa kwa kuhamisha kioo, na ndiyo maana mshauri wa feng shui hawezi kuachiwa kazi hii peke yake.

Hospitali zenyewe zinastahili kuulizwa maswali hayohayo. Ukitafuta chumba kinachovunja kila sharti, la Wachina na la sayansi, ni wodi ya kawaida. Taa za juu huwaka usiku kucha, magurudumu ya kitoroli hulia kwenye sakafu, simu ya zamu inaita, na saa 11 alfajiri mgonjwa aliyepata usingizi saa moja iliyopita anaamshwa apimwe joto ambalo lingeweza kusubiri. Kisha huandikiwa dawa ya usingizi. Muuguzi naye, akitoka zamu asubuhi, hurudi nyumbani kulala katika mwanga mkali ambao kitenge kizito dirishani kingeuzuia, lakini hakuna aliyemshauri. Kwa wagonjwa mahututi hali haiwezi kubadilishwa. Kwa wengine, taa za juu zinaweza kuzimwa saa 4 usiku ikabaki ile ya meza ya zamu, magurudumu yakatiwa mafuta, na vipimo visivyo vya dharura vikasogezwa hadi saa 12 asubuhi, jua likishachomoza.