Asilia Si Kinga ya Jicho

Wahenga walinena ya kwamba wanja wa manga si dawa ya chongo. Muradi wao ulikuwa kutuonya kwamba pambo haliondoi ila. Aliyepoteza jicho hatalirudisha kwa kulipaka. Kwa ajili ya zama zetu naomba kuuongezea msemo huo kipande kimoja: wanja tusioujua umetokana na nini, licha ya kutoponya chongo, waweza kuileta.

Nililikumbuka neno hilo nilipokuwa Tabaka, katika kaunti ya Kisii, mahali ambapo jiwe ndilo shamba la pili. Anayeufahamu mji huo hahitaji kuelezwa. Kando ya njia mafundi wameketi na mapanga na patasi zao, akina mama wanasugua vinyago kwa msasa ndani ya karai za maji, na vumbi jeupe limetanda juu ya migomba hata majani yake yakaonekana kama yaliyopakwa poda. Huko ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya Ndege wa Amani imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Shule moja ya sehemu hizo, ambayo jina lake nalihifadhi, ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha la drama. Fedha za kununulia vipodozi hazikuwapo. Wanafunzi wakabuni vyao: wakakusanya vumbi la jiwe jeupe na la waridi, wakalichekecha kwa kitambaa, wakalichanganya na mafuta ya kupikia, wakapata rangi ya kope. Makaa ya jikoni nayo yakasagwa, yakawa wanja. Usiku wa mazoezi wakapakana kwa kijiti kimoja, wavulana kwa wasichana. Kulipopambazuka, msichana aliyekuwa aigize sehemu ya mama mzazi hakuweza kulifumbua jicho lake la kushoto. Chembe ilikuwa imeikwaruza konea, yaani ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni. Namshukuru Mungu kwamba alipona, lakini si kabla ya kulikosa tamasha na juma zima la masomo.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonisukuma kuishika kalamu. Walimu waligawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilitaka wanafunzi waadhibiwe na urembo wa kila namna upigwe marufuku. Kambi ya pili iliwatetea kwa hoja moja tu: vitu vyenyewe vilikuwa vya asilia, havikuwa na kemikali, kwa hiyo kosa lilikuwa la jicho la mtoto. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zilikosea. La kwanza ni kosa la malezi. La pili ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la sayansi, na kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu, nitaanzia hapo.

Neno asili tumelipata kwa Kiarabu, na maana yake ni shina, chanzo, chimbuko. Tukisema kitu ni cha asili, tunataja kilikotoka. Hatujasema lolote kuhusu kinachofanya. Matangazo ya biashara yamelichukua neno hilo na kulivika kanzu ya neno jingine kabisa, nalo ni salama. Lakini utupa ni mmea wa asili, nao huwalevya samaki mtoni wakaelea. Utomvu wa mnyaa, ule mti wa ua unaojulikana na kila mtoto wa kijijini, ni wa asili, nao ukiingia jichoni waweza kupofusha. Neno kemikali nalo limeonewa kwa upande wake, likafanywa jina la kila sumu, ilhali maji tunywayo ni kemikali na chumvi ya mezani ni kemikali. Mwanafunzi anayeamini kwamba asilia ni kinyume cha kemikali hana chombo cha kupimia lolote kati ya hayo mawili.

Hata neno wanja lenyewe lina mtego. Watu wa pwani wanajua wanja wa masizi: utambi wa pamba huwashwa katika taa ya mafuta ya mimea, chombo hufunikwa juu ya mwali, masizi yakagandamana, yakakwanguliwa na kutiwa tone la mafuta au samli. Upo pia wanja wa manga, jiwe la kusagwa lililoletwa na majahazi. Manga ni jina la kale la Arabuni. Kamusi aghalabu huufasiri wanja huu kuwa antimoni. Hata hivyo, vipimo vya maabara katika nchi mbalimbali vimeonyesha mara kwa mara kwamba jiwe linalouzwa kwa Waarabu kwa jina la kuhl, na kwa Wahindi kwa jina la surma, huwa ni galena, madini ya risasi. Kwa hiyo neno letu moja linabeba vitu viwili visivyo na udugu: kimoja ni kaboni, cha pili ni risasi. Na kuhusu risasi Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi chake mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo.

Neno husafiri likaacha kitu nyuma. Kuhl ya Kiarabu imekuwa kuul kwa Wasomali na kwalli kwa Wahausa. Ilipofika Ulaya pamoja na kiambishi chake, al-kuhl, ilitaja kwanza unga laini kabisa, kisha kiini cha kitu chochote kilichosafishwa, hatimaye ikatua kwenye pombe na kurudi kwetu kama alkoholi. Ikiwa jina moja laweza kutoka kwenye kope za bibi harusi hadi kwenye chupa ya mlevi, hatuna budi kuacha kuyaamini majina na kuanza kuvichunguza vitu.

Najua nitajibiwa kwamba Wamisri wa kale walipaka wanja wa risasi kwa maelfu ya miaka na macho yao hayakuanguka. Hoja hiyo yastahili jibu. Mwaka 1999 wataalamu waliochunguza vipodozi vya makaburini walitangaza kwamba baadhi ya chumvi za risasi zilizomo hazipatikani kwa urahisi katika maumbile; Wamisri walizitengeneza wenyewe kwa kazi ya majuma mengi. Mwaka 2010 wanakemia wa Ufaransa wakaonyesha kwamba kiasi kidogo mno cha risasi ya aina hiyo huenda kiliziamsha seli za ngozi zijilinde dhidi ya vijidudu. Ni habari ya kuvutia, lakini matokeo ya maabara si ruhusa ya kujipaka. Tena yanatufundisha kinyume cha tunachodhani: wanja uliosifiwa ulikuwa zao la ufundi na vipimo, haukuokotwa tu ardhini.

Wala nisieleweke kuwa nakitetea kiwanda dhidi ya jiko la nyumbani. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku orodha ya vipodozi vya ngozi vilivyokuwa na zebaki na haidrokwinoni, navyo vilikuwa vimefungashwa kwa ustadi, vyenye nembo na rangi za kupendeza. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipopitishwa mwaka 2013, ulikataza zebaki katika vipodozi lakini ukaacha upenyo mmoja: vipodozi vya sehemu ya macho, ambavyo zebaki ilitumiwa kuvihifadhi visioze. Upenyo huo ulizibwa katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, na mwaka 2025 ukawekwa kuwa kikomo. Fikiri, ewe msomaji: kiungo kilicho laini kuliko vyote ndicho kilichongoja zaidi.

Sasa turudi Tabaka. Wanafunzi wale hawakuwa wajinga. Rangi nyingi za kope zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa talki, na talki ndiyo madini ambayo kwa kawaida hulifanya jiwe la sabuni liteleze mkononi. Wazo lao lilikuwa na mantiki. Walichokosa ni hatua zilizo katikati. Talki ya kiwandani husagwa hadi ikawa laini kupita unga wa ngano, na yapasa kupimwa isije ikawa imechanganyika na asbesto. Na hata baada ya hayo, mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Jina jiwe la sabuni ni jina la mguso, si hesabu ya yaliyomo. Jiwe moja hubeba madini mengi, mengine magumu kuliko mengine. Isitoshe, vumbi lililookotwa chini ya kinyago kilichosuguliwa lina chembe za jiwe pamoja na chembe za msasa wenyewe, ambao umeundwa kwa kusudi la kukwaruza. Mkono una ngozi ya kuukinga, konea haina.

Lugha yetu iliongeza hatari nyingine. Kwa Kiswahili kope ni zile nywele za ukingoni mwa jicho, na kope vilevile ni kile kifuniko cha ngozi. Mwenye kuambiwa apake kope aweza kupaka ngozi ya juu, aweza kupaka nywele, aweza pia kupaka ukingo wa ndani ambako kila punje huteleza moja kwa moja hadi kwenye mboni. Maelezo ya urembo hayana budi kusema waziwazi: juu ya ngozi ya kope, kamwe si ndani.

Basi tufanyeje? Napendekeza mwanafunzi afundishwe maswali matatu kabla ya kukiweka kitu chochote karibu na jicho. Kimetokana na nini? Kimepitia mikono na vyombo gani? Kinakwenda kukaa wapi mwilini? Vumbi la jiwe linashindwa swali la kwanza, kijiti cha kupokezana kinashindwa la pili, na makaa yaliyosagwa yanashindwa la tatu. Maambukizi ya macho mekundu yaliyosambaa Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa mwaka 2024 yalitukumbusha jinsi ugonjwa wa jicho moja unavyoweza kuwa wa darasa zima.

Wapo watakaouliza kama kuna kitu cha nyumbani kinachoweza kuyapita maswali hayo. Kwa mchezo wa jioni moja, unga mkavu wa kakao uliochanganywa na wanga laini wa mahindi waweza kuipa ngozi ya kope kivuli cha kutosha. Uchekechwe vizuri, uchanganywe siku hiyohiyo katika chombo safi, ujaribiwe kwanza upande wa ndani wa mkono siku moja kabla, na kila mtu awe na pamba yake. Usitiwe maji ukawekwa akiba, kwa maana bakteria huzaana humo bila kuonekana. Usitiwe limau wala viungo vya mchuzi. Mchezo ukiisha, uso uoshwe na mabaki yatupwe. Na jicho likiuma, lioshwe kwa maji safi mengi, kisha mgonjwa apelekwe zahanati. Asitiwe maji ya majani wala maziwa.

Haya yote yangeweza kuwa somo badala ya kesi ya nidhamu. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi atengeneze vitu kwa mikono yake, nasi tukimwadhibu anapotengeneza, tutakuwa tumemfundisha kujificha. Mwalimu wa sayansi aliweke vumbi la jiwe, wanga na punje za msasa chini ya hadubini, darasa lijionee lenyewe kingo za kila chembe. Mwalimu wa Kiswahili naye achukue zamu: kila kundi liandike lebo ya lilichotengeneza, lenye jina la kitu, viambato vyake, tarehe kilipotengenezwa na mahali hasa kinapopakwa. Watagundua upesi kwamba neno asilia halitoshi kujaza hata mstari mmoja wa lebo ya kweli.

Wakishazoea kuandika lebo, watazoea kuzidai. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Kopo la wanja lisilosema kwa lugha inayoeleweka lina nini ndani yake linamnyima mnunuzi haki hiyo, liwe limetoka Ulaya, Uhindini au jikoni kwa jirani.

Kwa Ekegusii jicho ni eriso, na macho ni amaiso. Mwenye sikio atatambua kwamba amaiso na macho ni ndugu wa shina moja la Kibantu. Hiyo ndiyo asili kwa maana yake halisi, undugu unaoweza kufuatwa hadi kwenye chimbuko. Vumbi lililokuwa ndani ya kopo la wanafunzi wale nalo lilikuwa na chimbuko lake, chini ya msasa wa fundi, na hakuna aliyewafundisha kuuliza. Msichana yule amerudi darasani na anaona vizuri. Nimesikia kwamba shule yake inajiandaa tena kwa tamasha. Naomba safari hii, kabla kopo halijafunguliwa, mwalimu mmoja asimame mbele ya wanafunzi na kuuliza: kimetokana na nini?