Ushujaa Ule Ulikuwa wa Nani?



Katika mijadala yenu ya mwaka huu ilitolewa hoja moja iliyopigiwa makofi kuliko zote, nami nimeona isiachwe ipite hivi hivi bila ya kujibiwa. Hoja yenyewe ni kwamba katika vita vya Bahari ya Pasifiki, vya mwaka 1941 mpaka 1945, Wajapani walishindwa kwa silaha tu, ama kwa ushujaa waliwapita Wamarekani mbali sana, kwani Mjapani alikuwa tayari kufa na Mmarekani hakuwa tayari. Wakatajwa marubani waliojitupa na ndege zao juu ya manowari. Akatajwa Luteni Hiroo Onoda, aliyebaki msituni katika kisiwa cha Lubang huko Ufilipino mpaka mwezi wa Machi 1974, zaidi ya miaka 28 baada ya vita kwisha, akikataa kutoka mpaka mkubwa wake wa zamani alipoletwa kumpa amri ya kuacha.

Mimi siiafiki hoja hii. Na kwa kuwa walioipigia makofi ni vijana wenye umri ule ule wa waliouawa nayo, naomba mnivumilie niseme kwa nini.

Kwanza vita vyenyewe, kwa ufupi, maana wengi wenu mnavijua kwa filamu. Japani ilikuwa ikipigana China tangu mwaka 1937. Ilipoingiza majeshi yake kusini mwa Indochina mwezi Julai 1941, Marekani ilizizuia mali za Japani na kuikatia mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta ya Japani ilikuwa ikitoka huko huko Marekani. Wakubwa wa Tokyo wakakata shauri la kuviteka visima vya mafuta vya Waholanzi huko Indonesia, na ili wasisumbuliwe njiani, tarehe 7 Desemba 1941 wakaishambulia Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii kabla ya kutangaza vita. Walikufa Wamarekani 2,403. Miezi sita baadaye, karibu na kisiwa cha Midway, Japani ikapoteza meli 4 za kubebea ndege, na tangu hapo Wamarekani wakawa wanasogea kisiwa baada ya kisiwa: Guadalcanal, Tarawa, Saipan, Iwo Jima na mwisho Okinawa. (Wazee wetu wa KAR nao walikutana na Wajapani, lakini hao walikuwa Burma, na hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Jambo linalotuhusu sisi katika hoja hii ni kijitabu kimoja. Mnamo tarehe 8 Januari 1941, karibu mwaka mzima kabla ya Pearl Harbor, Waziri wa Jeshi Hideki Tojo aliwatolea askari wote kijitabu cha mwenendo wa vitani, kinachoitwa Senjinkun. Ndani yake askari alikatazwa kuishi katika aibu ya kuwa mateka. Askari aliyekipokea alielewa kwamba akikamatwa hai amejivunjia heshima yeye na wazazi wake na kijiji chake kizima. Basi tazameni yaliyotokea Tarawa mwezi Novemba 1943. Walinzi wa pale walikuwa wapata 4,700, wakiwamo vibarua wa Kikorea, na baada ya siku tatu za mapigano askari wa Kijapani waliokamatwa hai walikuwa 17 tu. Mnaposema Mjapani hakuogopa kufa, ongezeni na hili: alikuwa ameshafundishwa kuogopa kitu kingine zaidi.

Na aliyekitoa kijitabu? Tarehe 11 Septemba 1945 Wamarekani walikwenda nyumbani kwa Tojo kumkamata. Alijipiga risasi kifuani, risasi ikakosa moyo, akatibiwa na madaktari wa wale wale aliowakataza wengine kuangukia mikononi mwao. Akaishi gerezani zaidi ya miaka mitatu, akala chakula cha Wamarekani, akajitetea mahakamani kwa maneno marefu, ndipo akanyongwa tarehe 23 Desemba 1948. Simcheki mtu kwa kunusurika na mauti. Ninachosema ni kwamba mtoto wa mkulima aliyebanwa mchangani Tarawa hakupewa nafasi kama hiyo ya kusimama mbele ya hakimu na kueleza upande wake.

Sasa twende Okinawa, maana huko waliokufa hawakuwa askari peke yao, na walikuwamo wanafunzi.

Usiku wa tarehe 23 Machi 1945, siku chache kabla ya Wamarekani kushuka pwani, wasichana 222 wa shule mbili pamoja na walimu wao 18 walichukuliwa kwenda kufanya kazi katika hospitali ya jeshi. Wanajulikana mpaka leo kwa jina la Himeyuri. Wakubwa wao walikuwa na miaka 19, wadogo 15. Hospitali yenyewe yalikuwa mashimo yaliyochimbwa kwenye kilima mahali paitwapo Haebaru, humo majeruhi wamelazwa kwenye vitanda vya mbao juu na chini, hakuna hewa, hakuna dawa ya kutosha. Kazi yao ilikuwa kuteka maji na kuleta chakula huku mizinga inapiga nje, kuwashika wagonjwa wanapokatwa miguu na mikono, na kutoa maiti kwenda kuzizika. Baadhi yao walikuwa wamekuja na vitabu vyao vya shule, wakidhani baada ya siku chache watarudi darasani.

Mwishoni mwa Mei jeshi lilirudi nyuma kuelekea kusini mwa kisiwa nao wakafuatana nalo, na wagonjwa wasioweza kutembea wakaachwa. Kisha tarehe 18 Juni ikaja amri ya kulivunja kundi lao: kuanzia sasa kila mmoja ajitegemee. Wakati huo adui alikuwa ameshafika juu ya mapango waliyojificha. Kati ya wale 240 waliochukuliwa, wamekufa 136, na walio wengi walikufa katika siku chache zilizofuata amri hiyo. Kwa muda wa miezi mitatu jeshi liliwahitaji, na siku lilipokuwa halina tena la kuwafanyia likawaambia wako huru. Lakini uhuru wa kujisalimisha hawakuambiwa kuwa wanao. Walikuwa wamefundishwa kwamba Mmarekani akimkamata msichana atamtesa na kumvunjia heshima yake kisha amuue. Kwenye mawe ya ufuko wa Arasaki mwalimu mmoja na wanafunzi aliokuwa nao walijiua kwa bomu la mkono.

Mimi ni mwalimu, na kila nikisoma habari hii nasimama kwenye namba moja: walimu 18. Watu hawa hawakuwa makatili. Walikwenda na wanafunzi wao mpaka mashimoni, na 13 kati yao walikufa pamoja nao. Lakini waliyoyasema darasani kwa miaka ndiyo yaliyowafanya wale wasichana wasinyanyue mikono na kutoka nje walipoitwa kwa vipaza sauti. Mwalimu alilipokea kutoka juu, akalisema kwa sauti ya mwalimu, nayo sauti ya mwalimu mwaijua uzito wake. Katika dini yetu nafsi ni amana, si mali ya jemadari wala ya ustadh. Kwa hiyo nikisikia makofi darasani kwa sababu watu fulani walikufa bila ya kuuliza, nafsi yangu haitulii.

Jemadari wa Okinawa, Mitsuru Ushijima, alijiua siku chache baada ya amri ile ya tarehe 18. Kabla ya kufa aliacha maagizo kwamba waliobaki waendelee kupigana mpaka mwisho. Yaani alijitoa yeye vitani, na vita akawaachia wengine, bila ya kubaki mkubwa yeyote wa kusema basi.

Nitawasimulieni habari ya mapango mawili ya Okinawa. Yote mawili yako Yomitan, karibu na pwani ambako Wamarekani walishuka tarehe 1 Aprili. Katika pango la Chibichiri walikuwamo wanakijiji wapata 140. Kesho yake walipowaona askari mlangoni, khofu ikawashika, wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, mzazi na mtoto, kwa visu na kwa moshi wa matandiko waliyoyatia moto. Wakafa zaidi ya 80, na wengi wao walikuwa watoto. Pango la pili, la Shimuku, halikuwa mbali na hapo, nalo lilikuwa na watu wapata 1,000 wenye mafunzo yale yale na khofu ile ile. Isipokuwa ndani yake walikuwamo wanaume wawili waliowahi kuishi Hawaii kwa kazi. Hao waliwaambia wenzao kwamba Mmarekani hamuui raia anayetoka mikono mitupu, wakatoka wao kwanza, wakasema na wale askari kwa Kiingereza, kisha wakarudi kuwachukua wenzao. Wakatoka wote, na pango zima likaokoka.

Niambieni basi, mashujaa wako pango gani? Wale wawili wangeweza kuuawa na Wamarekani nje, na wangeweza kuuawa na majirani zao ndani kwa kuitwa wasaliti.

Najua jawabu mtakalonipa, na ni jawabu zuri: Wamarekani nao si malaika. Kweli kabisa. Raia wao wenyewe wenye asili ya Kijapani waliwafungia kambini kuanzia mwaka 1942, pamoja na wazee wao wapata watu 120,000. Usiku mmoja wa Machi 1945 waliichoma Tokyo kwa mabomu ya moto wakafa watu wapata 100,000. Hiroshima na Nagasaki mwazijua. Na katika visiwa vya Pasifiki wapo askari wa Kimarekani waliowapiga risasi watu walionyanyua mikono, kwa hiyo khofu ya watu wa Chibichiri haikuwa uongo mtupu. Haya yote nayakubali, na atakayeandika makala ya kuwalaumu Wamarekani nitaisoma kwa furaha. Lakini dhambi ya adui yako haimpi mkubwa wako ruhusa ya kukutoa wewe kafara.

Wengine husema Japani ilikuja kuzikomboa nchi za Asia na wazungu. Waulizeni Waislamu wa Java. Wajapani walipofika mwaka 1942 waliwataka watu wainame kuelekea Tokyo kumtukuza mfalme wao, na Kiai Hasyim Asy'ari, mwalimu mkuu wa chuo cha Tebuireng, akatiwa ndani kwa kukataa. Mzee wa zaidi ya miaka sabini! Ukombozi wa namna hiyo mimi siujui.

Na Onoda wenu, miaka yote ile ya msituni, yeye na wenzake waliua watu wapata 30 wa Lubang, wengi wao wakulima na wavuvi wasiokuwa na vita na mtu. Rais Marcos alimsamehe. Katika sifa zote anazopewa sijasikia mtu akiwataja hao 30.

Wa-Okinawa wenyewe hawakuyanyamazia mambo haya. Raia wao waliokufa katika miezi ile mitatu wanakadiriwa kuwa 94,000. Manusura wa Himeyuri walifungua makumbusho mwaka 1989, wakawa wanasimama wao wenyewe mbele ya wanafunzi kueleza waliyoyaona. Mwezi Machi 2007 Wizara ya Elimu ya Japani iliwataka wachapishaji waondoe katika vitabu vya historia vya sekondari maneno yanayosema kwamba jeshi liliwalazimisha raia wa Okinawa kujiua. Tarehe 29 Septemba mwaka huo watu walikusanyika Ginowan kupinga, na waandaaji walisema walifika 110,000, vikongwe wakiwa wameshikwa mikono na wajukuu zao. Desemba wizara ikalegeza kidogo, ikakubali vitabu viandike kwamba jeshi lilihusika. Neno “lililazimisha” halikurudishwa.