Kawia Ufike: Prosesa Iliyochelewa ni Nafuu Kuliko Yenye Kasoro

Soko la hisa halina subira. Kampuni ya kompyuta ikitangaza kwamba prosesa yake mpya itachelewa, wenye hisa huanza kuuza kabla jua halijazama. Ikizindua kwa tarehe iliyoahidi, kwa mbwembwe na matangazo, hisa hupanda na wenye maduka huagiza. Safu hii inaona kwamba mwenye mtaji mdogo, awe mnunuzi wa hisa au muuzaji wa kompyuta, hana sababu ya kufuata mkumbo huo. Kumbukumbu za miaka 30 zinaonyesha kuwa wiki chache za kusubiri hazijamuua mtu kibiashara. Kinachoua ni mzigo wenye kasoro, hasa kasoro ambayo mtengenezaji ameinyamazia.

Tuanze na Pentium ya mwaka 1994. Profesa Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, katika jimbo la Virginia, Marekani, aligundua kwamba chipu hiyo ilikosea kugawanya baadhi ya namba. Ukigawa 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu sahihi huanza na 1.3338. Pentium yenye kasoro ilitoa 1.3337. Chanzo kilikuwa nafasi 5 zilizokosekana katika jedwali la hesabu lililomo ndani ya chipu.

Intel ilidai kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja tu katika miaka 27,000. Ikakubali kuwabadilishia chipu wale tu walioweza kuonyesha kwamba kazi zao zilihitaji hesabu za aina hiyo. Wateja walikasirika. Desemba 12, 1994 IBM ilisimamisha uuzaji wa kompyuta zake zenye chipu hiyo, na siku 8 baadaye Intel ikasalimu amri na kumbadilishia kila aliyetaka. Gharama yake ilikuwa dola za Marekani milioni 475. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kilicholikuza ni ubishi.

Mwaka 2000 funzo hilo lilikuwa limekwisha kusahaulika. Intel na AMD zilikuwa zikishindana nani atangulie kwa kasi. Mwishoni mwa Julai Intel ilitoa Pentium III ya gigahezi 1.13, na mwishoni mwa Agosti ikairudisha kiwandani kwa sababu haikuwa imara. AMD nayo haikupona. Mwaka 2007, baada ya kuchelewa, ilizindua prosesa yake ya seva iliyoitwa Barcelona, kisha kasoro ikajitokeza, na wateja wengi wakalazimika kusubiri toleo lililorekebishwa hadi mwaka 2008. Hapo kampuni ililipa mara mbili: ilichelewa, na ilipofika ilifika na kasoro.

Linganisha na Januari 2011. Intel ilibaini kasoro katika chipu saidizi ya prosesa zake mpya, ambayo ingeweza kudhoofisha mawasiliano na diski baada ya muda. Safari hii haikubishana na mtu. Januari 31 ilisimamisha usafirishaji, ikatangaza kasoro yenyewe, na ikakadiria kuwa matengenezo na ubadilishaji ungegharimu dola milioni 700. Fedha hizo ni nyingi kuliko za mwaka 1994, lakini jina la kampuni halikuchafuka kama wakati ule.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Julai 2024, kwa sababu makampuni haya mawili yalipimwa mwezi mmoja. AMD ilikuwa imeahidi prosesa za Ryzen 9000 kwa Julai 31. Siku 7 kabla, ilisema mzigo wa kwanza haukufikia kiwango cha ubora, ikasogeza mauzo hadi Agosti 8 na 15. Wapo waliocheka. Wiki hiyo hiyo Intel ilikuwa ikijibu malalamiko ya miezi mingi kuhusu prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, yaani Core i7, i9 na baadhi ya i5, ambazo zilikuwa zikigandisha kompyuta. Ilikiri kwamba maikrokodi, programu inayoongoza chipu kutoka ndani, ilikuwa ikiomba umeme mkali kupita kiasi. Ikathibitisha pia kwamba baadhi ya prosesa za mwanzo za kizazi cha 13 zilikuwa na tatizo la kutu ndani yake, lililokwisha kurekebishwa kiwandani. Wanunuzi wengi ndipo walipolisikia kwa mara ya kwanza.

Intel iliongeza waranti kutoka miaka 3 hadi 5 na ikatoa marekebisho ya maikrokodi. Hata hivyo marekebisho hayo ni kinga. Chipu iliyokwisha kuungua ndani haiponi kwa programu.

Wapo watakaosema kwamba kuchelewa nako kunaua, nao wana hoja. Teknolojia ya nanomita 10 ya Intel ilitarajiwa mwaka 2016, lakini uzalishaji wa kutosha ulipatikana mwaka 2019. Julai 2020 kampuni ikatangaza kwamba hata hatua inayofuata itachelewa, na hisa zikaanguka kwa takriban asilimia 16 kwa siku moja. Katika miaka hiyo AMD, ikitengenezewa chipu na TSMC ya Taiwan, iliteka wateja wengi. Agosti 2024, Intel ilipotangaza kupunguza takriban wafanyakazi 15,000 na kusimamisha gawio, hisa zilishuka asilimia 26 kwa siku moja. Hasara hiyo ilitokana na mengi, na miaka ya kuchelewa ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo mwenye hisa atenganishe aina mbili za kuchelewa. Kuna kuchelewa kwa mwenye bidhaa mkononi anayeikagua kabla ya kuiuza: huko huhesabiwa kwa wiki, sababu hutajwa, na tarehe mpya hutimizwa. Na kuna kuchelewa kwa asiyejua kuitengeneza: tarehe husogezwa mara ya pili na ya tatu, na sababu hubadilika kila mara. Kwa aina ya kwanza, kuuza hisa ni haraka ya bure. Kwa aina ya pili, usisubiri tangazo la tatu.

Mwenye duka hali yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa hana hisa za kuuza kwa kubonyeza kitufe. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli zimepitia mikono kadhaa, nyingi zikitokea Dubai. Prosesa iliyomo kwenye boksi la mtengenezaji huwa na waranti ya mtengenezaji. Ile iliyonunuliwa bila boksi hurudishwa kwa aliyeiuza, na kama huyo yuko ng'ambo ya bahari, mteja atakuja kugombana nawe. Kompyuta iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha 13 au 14 yaweza kuwaka vizuri dukani na kuanza kuganda baada ya mwezi.

Ushauri wetu ni huu. Usijaze duka kwa mali ya miezi mitatu ya kwanza baada ya uzinduzi. Chukua chache za kujaribia soko. Mwulize anayekuuzia waranti ni ya nani na inadaiwa wapi, na jibu liandikwe kwenye risiti. Kwa mashine za vizazi tulivyotaja, fundi aweke marekebisho ya maikrokodi kabla hazijauzwa, na azifanyishe kazi nzito kwa saa kadhaa.

Ni kweli kwamba anayetangulia na mali mpya hupata faida nono, na bei za kompyuta hushuka haraka. Lakini faida ya mashine kumi huliwa na mashine mbili zilizorudishwa, na mteja aliyerudisha mashine harudi tena kununua. Mwenye mtaji mkubwa, kama Intel, anaweza kulipa dola milioni 475 na kuendelea na biashara. Wewe mwenye mtaji wa kontena moja huna pa kuitoa hasara hiyo ila mfukoni mwako.