Pemba Si Mbali, Ratiba Ndiyo Mbali

Ukipita Mtaa wa Kongo au Aggrey hapa Kariakoo, Dar es Salaam, siku za mwisho za Ramadhani, utamkuta muuzaji anakupimia kitambaa huku simu ameibana kwa bega. Hapatani bei na mteja mwingine, anatafuta tiketi ya Pemba. Wapemba wenye maduka Kariakoo tuko wengi, na sote tunataka kufika nyumbani siku moja, tena siku yenyewe hatuijui mpaka mwezi uandame. Ukikata tiketi ya kesho na mwezi ukaonekana leo, Idi inakukuta baharini. Ukisubiri mwezi, nafasi zimekwisha.

Kwenda Unguja hatuna neno. Boti za kasi zinaondoka mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu mara kadhaa kwa siku, na baada ya saa mbili hivi uko bandari ya Malindi. Lakini kwa anayekwenda Pemba, Unguja ni njiani tu. Anashuka na maboksi yake yaliyozungushiwa selotepu, anaambiwa: "Ami, boti ya Mkoani, Pemba, imeshaondoka, jaribu kesho kutwa." Alale wapi? Kwa ndugu, kama anaye. Kama hana, gesti ya Mji Mkongwe, ambako bei imepangwa kwa kumtazama mtalii. Meli ya moja kwa moja kutoka Dar ipo, ila si ya kila siku, na ratiba ikibadilika habari tunaipata kwa wapiga debe getini kabla ya kuisikia kwa waliotuuzia tiketi.

Wenzetu wa Mafia wana yao. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ungedhani ni hapo nyuma ya Mbagala. Thubutu! Upande basi mpaka Nyamisati kule Kibiti, kisha usubiri chombo kinachofuata maji. Bahari ikipwa, na wewe unakaa. Na Mmafia mwenye harusi Unguja inabidi aje bara kwanza ndipo avuke tena, kwa sababu boti ya abiria ya kumtoa kwao Kilindoni na kumshusha Malindi hakuna.

"Si mpande ndege?" Tunaulizwa hivyo na watu wasiobeba mizigo. Kweli, Dar na Unguja ni dakika ishirini hivi angani. Lakini ndege ndogo nyingi zinakuruhusu kilo 15. Mtu wa Kariakoo aende kwao na kilo 15 za nini? Viatu vya watoto wa shangazi peke yake vinazimaliza, na bado hujaweka khanga za mama wala lile feni uliloahidi tangu mwaka jana. Nauli yenyewe tusiitaje, tutaharibu futari.

Tuelewane: usalama hatuuchezei. MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, tarehe 10 Septemba 2011. Mwaka haujapita, 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka hapa Dar ikazama karibu na Chumbe. Wapo kati yetu wasio na hata kaburi la kuzuru. Ndiyo maana Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 na boti zikasitishwa, hakuna aliyenung'unika. Kinachotuudhi ni kupata habari getini, teksi imeshaondoka, kisha kurudishiwa nauli kwa mbinde.

Kwingine visiwani wanafanyaje? Ugiriki serikali inalipa ruzuku ili meli zifike hata visiwa vidogo visivyo na faida kwa mwenye chombo. Uhispania, mkazi wa Mallorca anapunguziwa asilimia 75 ya nauli ya ndege za ndani, kwa kuwa kuishi kisiwani hakuhesabiwi kuwa anasa.

Sisi hatujafika huko kwa kudai. TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini huku bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kule Zanzibar, tunawaomba mkae meza moja na wenye vyombo. Itoke ratiba moja ya Dar, Unguja, Pemba na Mafia. Boti ya alfajiri ya Unguja ikutane na ya Pemba kabla haijang'oa nanga. Safari ikifutwa, tutumiwe meseji, namba zetu mnazo kwenye tiketi. Na safari za nyongeza za Idi zitangazwe mwezi wa Ramadhani ukiwa mchanga, si usiku wa kuamkia.