Mguu unaokusimamisha njiani si uzee

Unakwenda sokoni, ukifika nusu ya njia msuli wa nyuma ya mguu unabana. Unasimama dakika chache, maumivu yanaisha. Ukianza tena, yanarudi baada ya umbali uleule. Wengi huita uzee, wakanunua dawa ya kuchua. Lakini hiyo ni dalili kubwa ya mishipa inayopeleka damu miguuni kuwa imezibwa na mafuta yaliyoganda ndani yake.

Walio hatarini zaidi ni wavutaji wa sigara na wenye kisukari, shinikizo la damu au lehemu nyingi. Ukiwa nao ugonjwa huu, hatari yako ya kupata kiharusi na shambulio la moyo pia inapanda.

Kagua miguu yako leo. Je, unyayo mmoja ni wa baridi kuliko mwingine? Ngozi imekuwa nyembamba inayong'aa? Kuna kidonda kisichopona? Maumivu ya usiku yanayopungua unaponing'iniza mguu kitandani ni ishara kwamba hali imekuwa mbaya. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kwa sababu ya ganzi, hivyo asikande miguu kwa maji ya moto wala kuiota kwenye jiko.

Uchunguzi wa mwanzo hauhitaji mashine kubwa. Mhudumu hupapasa mapigo ya damu mguuni, kisha hulinganisha shinikizo la kifundo cha mguu na la mkono. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi hupimwa sukari, hupewa dawa na kuondoka na viatu miguuni. Usikubali. Vua viatu, useme: "Daktari, naomba unitazame miguu."

Matibabu huanza na kuacha sigara na kunywa dawa ulizoandikiwa. Tembea angalau mara tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 45: maumivu yakizidi pumzika, yakiisha endelea. Mwenye kidonda au maumivu ya usiku amwone daktari kwanza. Soksi za kubana usivae kabla ya kupimwa.

Mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukauma na kufa ganzi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Saa sita tu zinaweza kuamua kama utabaki nao.

Wazazi wengi husema watajitibu wakishamaliza kulipa ada za watoto. Kidonda cha mguu hakisubiri muhula uishe.