Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Aulizwe Runinga

Mwezi Oktoba, minada ya korosho inapoanza, hakuna mkulima wa uwanda wa Makonde anayetaka kulala hospitalini. Mjomba wangu, mkulima wa Mnyambe wilayani Newala, hakupewa nafasi ya kuchagua. Aliteleza uani alfajiri, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji na kulazwa katika chumba cha kulipia chenye vitanda viwili, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mimi ni mtumishi wa afya, lakini safari hiyo nilikwenda kama mpwa, kumwuguza mjomba.

Ukutani palikuwa na runinga. Kifurushi cha king'amuzi kilikuwa kimekwisha, hivyo ilionyesha chaneli moja tu, nayo ilikuwa ikirusha tamthilia ya ng'ambo. Mjomba hakuitazama. Alitaka kujua jambo moja: bei. Korosho zake zilikuwa zimekwisha kupelekwa ghalani kupitia chama chake cha msingi, zikisubiri mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, na picha za minada zilikuwa zikizunguka katika simu za watu. Nikampa simu yangu. Akaisogeza karibu, akaiweka mbali, kisha akanirudishia. "Mpwa wangu, macho haya yana mtoto wa jicho. Hapa naona mwanga, watu siwaoni."

Binamu yangu, aliyekuwa amefika kutoka Dar es Salaam, akatoa mkobani kifaa kidogo kinachofanana na flashi, ambacho huchomekwa kwenye runinga ili kuleta picha za mtandaoni au picha zilizomo kwenye simu. Vijana hukiita kwa majina ya viwandani, Chromecast au Fire TV Stick. Mimi nitakiita kijiti cha runinga. Kijiti kilihitaji umeme. Binamu akatazama ukutani, akaona plagi aliyodhani ni ya feni, akaichomoa. Mashine ya oksijeni ya mzee wa kitanda cha pili ikaanza kulia. Muuguzi wa zamu alifika mbio, akairudisha plagi, akampima mzee yule na kukaa naye mpaka alipotulia. Hakudhurika. Asubuhi iliyofuata tangazo likabandikwa mlangoni: ni marufuku kwa mgonjwa au ndugu yake kutumia kifaa chochote cha umeme wodini.

Simlaumu muuguzi yule. Ningekuwa zamu mimi, ningetetemeka kama alivyotetemeka. Lakini naandika makala haya kulipinga tangazo lile, kwa sababu naamini kwamba mgonjwa ana haki ya kuchagua anachokitazama na anachokisikia akiwa kitandani, na kwamba kazi ya hospitali ni kuiwekea haki hiyo utaratibu, si kuifuta.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: anayeuguza asisubiri kuombwa, apike, apeleke. Sisi watumishi wa afya tumeinyoosha methali hiyo kupita kiasi, tukaufanya usemi wa huruma kuwa kanuni ya utawala. Mgonjwa haulizwi saa ya kuamshwa, haulizwi taa izimwe lini, haulizwi runinga iwekwe chaneli gani. Mtu aliyekuwa akiamua mambo ya shamba, ya watoto na ya ukoo mzima, akivuka mlango wa wodi anabaki na uamuzi mmoja: kumeza dawa au kutomeza. Kisha tunashangaa kwa nini amenyamaza, kwa nini hataki kufanya mazoezi, kwa nini ameugeukia ukuta.

Kusikiliza na kutazama si anasa kwa mtu mwenye maumivu. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti 73 kuhusu muziki kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kwa jumla, waliosikiliza muziki waliripoti maumivu kidogo na wasiwasi kidogo, na walihitaji dawa chache zaidi za kutuliza maumivu. Wauguzi wa watoto wanalijua jambo hili bila kusoma jarida: mtoto anayefungwa kidonda huku akitazama katuni hashikwi na watu watatu. Tukumbuke pia kwamba mzee wa miaka sabini alikuwa mtu mzima runinga ilipoanza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994. Yeye alikulia kwenye redio. Huenda anachokitaka si picha kabisa, bali taarifa ya habari, kwaya, mawaidha, au sauti ya mjukuu aliyetuma ujumbe kutoka Masasi. Hatuwezi kujua bila kumwuliza.

Basi kwa nini asitumie simu yake tu? Wengi hutumia, na inawatosha. Lakini kioo cha simu ni kidogo kwa mwenye mtoto wa jicho, ni kizito kwa mwenye mkono uliofungwa plasta, na humlazimu kuinamisha shingo aliyeambiwa alale chali. Runinga ya ukutani ni kubwa, haishikwi, na tayari ipo. Kuiacha ionyeshe tamthilia isiyotazamwa na mtu, huku mgonjwa akiwa na anachokihitaji mfukoni, ni kupoteza kifaa ambacho hospitali imekwisha kukilipia.

Pamoja na hayo, hatari zipo. Niziseme waziwazi, kwa sababu anayetetea ruhusa bila kutaja hatari humpa hoja anayetaka marufuku.

Ya kwanza ni soketi. Kijiti chenyewe hutumia umeme kidogo sana, kama chaja ya simu tu, na runinga nyingi zinaweza kukipa umeme kupitia tundu lake la USB. Tatizo ni plagi inayochomolewa ili kukipisha. Katika wodi zetu soketi ni chache, na zile zilizopo huhudumia mashine ya oksijeni, pampu ya dawa na mashine ya kunyonya makohozi. Ndugu wa mgonjwa hawezi kuitambua plagi ya uhai na plagi ya feni. Kwa macho yake zote ni nyeupe. Kosa la binamu yangu lilikuwa kosa lake, lakini lilikuwa pia kosa la ukuta usio na alama.

Ya pili ni moto. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini huufanya moto mdogo uwe mkubwa kwa haraka. Simu inayochajiwa chini ya mto, chaja iliyochunika waya, au kirefusho cha umeme kilichobebeshwa plagi sita havina nafasi karibu na mgonjwa anayevuta oksijeni.

Ya tatu ni kelele. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza sauti ndani ya wodi isizidi desibeli 30 usiku. Hicho ni kiwango cha mnong'ono. Mazungumzo ya kawaida hufika karibu desibeli 60. Mpira wa Simba na Yanga wodini, pamoja na washangiliaji wake, hauna hata haja ya kupimwa. Jirani wa kitanda cha pili naye ni mgonjwa, na usingizi wake ni tiba yake. Haki ya mjomba wangu kutazama mnada inaishia pale sikio la mzee yule linapoanzia.

Ya nne ni siri. Mtu anayerusha kioo chote cha simu yake kwenye runinga hurusha pia ujumbe unaoingia. Majibu ya maabara, deni, ugomvi wa ndoa, vyote vinaweza kutokea ukutani mbele ya wageni wa jirani. Na simu inayoleta picha ndiyo simu inayopiga picha: aliyelala nyuma ya pazia hakukubali kuonekana katika video ya mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hapo pana jambo la kila mtumishi kulieleza kwa upole kabla halijawa kesi.

Ya tano ni vimelea. Rimoti ya wodi hushikwa na kila mkono, na simu hufuata mkono kila uendako. Vifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya asilimia 70, bila kumimina maji ndani, kila mgonjwa anapoondoka. Ni kazi ya dakika moja.

Hatari zote tano zina kinga, na hakuna kinga iliyo ghali. Ndiyo maana napendekeza kwamba kila hospitali, kubwa au ndogo, iwe na karatasi moja ya utaratibu, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikabandikwa mahali pa lile tangazo la marufuku. Iseme: mgonjwa anaruhusiwa kutumia kifaa chake cha kutazama au kusikiliza, baada ya kumwonyesha muuguzi wa zamu. Muuguzi ndiye atakayeonyesha soketi ya kutumia, na hakuna ndugu atakayechomoa plagi yoyote kwa mkono wake. Plagi za mashine za tiba zitiwe alama ya utepe mwekundu. Sauti ipitie kwenye spika za masikioni. Pasipo spika hizo, jirani aombwe ridhaa kwanza, na saa tatu usiku vyote vizimwe. Katika vyumba vya upasuaji na vya uangalizi maalumu, neno la mwisho ni la watumishi.

Nanyi mnaouguza ndugu zenu, yapo ya kuyajua kabla ya kufunga safari. Runinga nyingi za hospitali na hoteli hufungwa mipangilio yake, hata mgeni asiweze kubadili chanzo cha picha. Ulizeni, msiilazimishe kwa kuchezea nyaya. Mtandao wa hospitali, ukiwapo, mara nyingi hudai mtu afungue ukurasa na kuandika namba au neno la siri, na kijiti cha runinga mara nyingi hushindwa kuupita ukurasa huo. Njia rahisi ni kukiunganisha na intaneti ya simu yenu. Kumbukeni bando: saa moja ya video ya kawaida inaweza kula karibu GB 1, na video ya ubora wa juu hufika GB 3. Ni busara kupakua nyumbani kile mnachokitaka. Msirushe kioo chote cha simu, rusheni ile video tu, na arifa za ujumbe mzizime. Siku ya kuruhusiwa mtoke kwenye akaunti zenu na kuchomoa kijiti chenu, ili mgonjwa ajaye asikute barua zenu ukutani.

Wapo watakaosema: hospitali zetu zina upungufu wa watumishi na wa vitanda, nawe wazungumzia runinga? Nawaheshimu, kwa sababu upungufu huo nimeufanyia kazi kwa mikono yangu. Lakini simu zimekwisha kuingia wodini, za bei ndogo na za bei kubwa, katika vyumba vya kulipia na katika wodi za kawaida. Hakuna marufuku iliyozitoa. Kinachofanywa na marufuku ni kuzificha: simu huchajiwa chini ya shuka, plagi huchomolewa muuguzi akigeuka, na ndugu aliyekosea huogopa kusema. Utaratibu humtoa mtu huyo mafichoni. Na kwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini, ndugu anayeuliza kabla ya kugusa ni msaidizi, wala si mzigo.

Nimalizie kwa mjomba. Siku ya tatu zamu iliangukia kwa muuguzi mwingine, mama mtu mzima. Alilisoma tangazo, akamtazama mjomba, akauliza tulitaka kufanya nini. Tukamweleza. Akazungushia plagi ya mashine ya oksijeni utepe wa plasta, akaandika juu yake "USIGUSE", kisha akamwambia binamu atumie tundu la USB la runinga yenyewe. Akaenda kitanda cha pili. "Mzee, mwenzako anataka kutazama mnada. Utakerwa?" Mzee yule, akiwa na mirija puani, akauliza ni mnada wa wapi, kwani naye alikuwa na korosho zake.

Picha zilipotokea, mjomba aliona nusu tu ya runinga, maana alikuwa amelala. Kwa siku mbili tulikuwa tumemsihi akubali kukalishwa, tukimweleza habari za vidonda vya kulalia, nimonia na kuganda kwa damu, naye akikataa kwa sababu ya maumivu. Jioni ile alinyoosha mkono mwenyewe. "Niinueni," alisema. Tukamwinua polepole, mito miwili mgongoni, akakaa. Bei haikumpendeza. Aliibishia mpaka mnada ukaisha, na muda wote huo alikuwa amekaa.