Muuguzi na Mlango wa Ng'ambo

Kusini ya mji wa Mtwara, Mto Ruvuma huingia katika Bahari ya Hindi ukiwa mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji. Wamakonde huishi kandokando zote mbili za mto huo, na kwao si jambo geni kwamba mpaka huzuia mizigo na vyeti, lakini hauzuii ujuzi. Kijana wa eneo hili anayesoma Biolojia, Kemia na Fizikia kwa nia ya kuwa muuguzi hana budi kukutana mapema na swali hili: je, ni haki mtu afunzwe kazi hapa nchini, kisha aende kuifanya Uingereza, Ujerumani au Arabuni?

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba safari za wauguzi si jambo jipya katika pwani ya kusini. Kabla ya uhuru, hospitali za misheni ya UMCA huko Masasi na Lulindi zilihudumiwa na wauguzi kutoka Uingereza. Dk. Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza aliyefika mwaka 1935, aliwafunza vijana wa huko uuguzi, akawa raia, na hatimaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Na kweli alipona. Aidha, Samora Machel alikuwa muuguzi mjini Lourenço Marques kabla ya kuiacha kazi yake mwaka 1963 na kuja Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO. Vita vya ukombozi vilipopamba moto, chama hicho kiliendesha hospitali mjini Mtwara iliyopewa jina la Dk. Américo Boavida, nayo ilitibu majeruhi waliovushwa Ruvuma.

Uuguzi huweza kusafiri hivyo kwa sababu msingi wake ni sayansi. Mgonjwa akiandikiwa mililita 1,000 za dripu kwa saa 8, na mpira unaotumika hutoa matone 20 kwa kila mililita, muuguzi atazidisha 1,000 kwa 20, atagawanya kwa dakika 480, na kupata matone 42 hivi kwa dakika. Hesabu hiyo ni ileile katika Hospitali ya Ligula na katika hospitali ya London. Visivyosafiri vyenyewe ni lugha na leseni. Uingereza humtaka muuguzi mgeni afaulu Kiingereza, mtihani wa nadharia kwa kompyuta, na mtihani wa vitendo unaofanyika hukohuko. Ujerumani humtaka ajue Kijerumani na vyeti vyake vikubaliwe kisheria.

Mataifa nayo yamejaribu kuweka utaratibu. Mwezi Mei 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za hiari kuhusu uajiri wa watumishi wa afya kutoka nchi za nje. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi hao, Tanzania ikiwemo. Waajiri wa nchi tajiri huaswa wasiende kuwasaka wauguzi katika nchi hizo. Lakini muuguzi anayeomba kazi kwa hiari yake mwenyewe hakatazwi. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Wapo wanaotaka mlango ufungwe kabisa. Kasoro ya hoja yao ni hii: muuguzi mwenye leseni asiye na ajira hamhudumii mgonjwa hata mmoja. Tanzania ina zahanati zenye uhaba wa wauguzi, na wakati huohuo ina wahitimu wa uuguzi wanaongoja ajira. Kumzuia mhitimu wa namna hiyo asiondoke hakuongezi mkono hata mmoja wodini. Kwa upande wa pili, mkunga wa miaka 15 akiondoka katika zahanati ya kijiji cha mwambao, pengo lake halizibwi kwa barua ya kumwajiri mwingine. Pamoja naye huondoka uzoefu wa kutambua mapema uzazi wenye hatari, na imani ya akina mama wanaomfahamu.

Kwa hiyo kuondoka kwenyewe si dhambi wala si sifa. Lipasalo kupimwa ni nani anaondoka, anaacha nini, na nchi inayompokea inalipa nini. Mkataba wa Kenya na Uingereza wa Julai 2021 uliwalenga watumishi wa afya wasio na ajira. Huo ni mwanzo wenye busara. Lakini mwanzo huo hautoshi, maana nchi inayovuna pasipo kupanda ina wajibu wa kuchangia vyuo, walimu na vifaa kule mbegu ilikotoka. Nayo serikali ya nyumbani haina budi kufungua nafasi za kazi na kumtunza muuguzi wa kijijini kwa nyumba na mshahara unaolingana na mzigo wake. Asiyetunzwa hafungwi kwa kamba ya uzalendo peke yake.

Mwalimu anayeulizwa na mwanafunzi wake kuhusu safari ya ng'ambo asimkemee wala asimsukume. Amwambie asome sayansi kwa bidii, apate leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na asome mkataba wake kifungu kwa kifungu kabla ya kutia sahihi. Amwonye pia kwamba wakala anayemtoza muuguzi fedha ili ampatie kazi Uingereza anakiuka kanuni za nchi hiyo. Kijana akishayajua hayo, akienda ataondoka kwa mlango wa mbele, na akibaki atakuwa amebaki kwa hiari yake.